Nimechoka na gambiti: ufunguzi gani wa weupe ulio imara, wa kujenga polepole?

#1 farasi_kiwete (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Niende moja kwa moja. Nacheza sataranji mwaka wa nne sasa. Nikishika weupe mimi ni mtu wa e4 na gambiti: Gambiti ya Mfalme, Gambiti ya Danish, chochote cha kutoa askari na kukimbilia f7. Siku zikinikubali, mtu anakufa hatua ya 18 na mimi najiona bingwa wa dunia. Siku zikigoma, mpinzani anakula askari wangu wa kwanza, anakula wa pili, tunabadilishana malkia, nabaki na askari wawili pungufu na hasira nyingi.

Tangu nipande ngazi, siku za kugoma zimekuwa nyingi. Juzi nikakaa nikapitia mechi zangu 40 za mwisho za weupe. Nilichokuta kinatia aibu: nyingi ya zile nilizofungwa, ufunguzi sikuwa nimeukosea. Nilifika hatua ya 12 niko salama kabisa, halafu sikujua nifanye nini, nikasogeza h4.

Sasa naomba ushauri. Nataka ufunguzi mmoja imara wa weupe, wa kujenga, nikae nao mwaka mzima. Msiniambie "cheza kila kitu ujifunze", nimeshacheza kila kitu na sijajifunza.

Hatua tuziandike kwa herufi zile za kwenye programu ili tuelewane: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi, x ni kula, + ni shaha, nukta tatu ni hatua ya weusi, O-O ni mfalme kujificha pembeni pamoja na ngome.

Nawasilisha.

#2 Kete32

London, mkuu. d4, Bf4, e3, Nf3, c3, Bd3, Nbd2. Umemaliza, nenda kalale. Mpinzani acheze anavyotaka, wewe unapanga kete zako zile zile.

Na usidanganywe kwamba ni mfumo wa wavivu. Umepewa jina kutokana na mashindano ya London ya 1922, na mwaka 2023 Ding Liren alimfunga Nepomniachtchi kwa huo huo London, mechi ya 6 ya kugombea ubingwa wa dunia. Kama unatosha pale, kwako na kwangu unatosha na chenji inabaki.

#3 ngoja_wajuzi

Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#4 MzeeWaD4

Mkuu farasi_kiwete, swali lako umelijibu mwenyewe bila kujua. Umesema hatua 12 za kwanza unafika salama. Basi ugonjwa wako uko kwenye ya 13, na mtu akikuandikia orodha nyingine ya hatua 12 atakuwa anakutibu goti wakati kinachouma ni jino.

London siupingi, kijana wetu Kete32 asininunie. Lakini nimeona watu wengi wakipanga zile kete saba vizuri kabisa, kisha wanainua kichwa na kuuliza, "Sasa?" Ufunguzi imara, kwangu mimi, ni ule unaokuachia mpangilio wa askari ambao ukiutazama tu unajua kete zinaelekea wapi. Farasi ukimkosea unamrudisha. Askari hawarudi nyuma. Mahali walipokaa ndipo mechi itakapochezwa.

Mimi nakupa Gambiti ya Malkia, mkondo wa kubadilishana:

1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.cxd5 exd5 5.Bg5

Neno gambiti lisikutamanishe, humu hakuna unachotoa. Sasa fumba macho, ondoa kete zote kwenye ubao, bakiza askari kama watakavyokuwa baada ya hatua chache. Wewe: a2, b2, d4, e3, f2, g2, h2. Yeye: a7, b7, c6, d5, f7, g7, h7. Mpangilio huu unaitwa Carlsbad, kwa jina la mji uliokuwa ukiandaa mashindano makubwa mwanzoni mwa karne ya 20 (siku hizi ni Karlovy Vary, Ucheki). Safu c iko wazi kwako, safu e iko wazi kwake. Upande wa malkia una askari wawili, yeye watatu. Kila kitu kinachofuata kinatokana na hapo.

Njia ya kawaida ni hii: 5...Be7 6.e3 O-O 7.Bd3 Nbd7 8.Qc2 Re8 9.Nf3 Nf8 10.O-O c6 11.Rab1.

Usizikariri kama shairi. Ulipobadilishana pale d5 ulimfungulia njia askofu wake wa c8, kwa hiyo Bd3 na Qc2 zinamfungia mlango wa f5. Huyo askofu mwangalie mechi nzima, ndiye mtoto asiye na pa kulala. Hizo hatua mbili pia zinaitazama h7, ndiyo maana farasi wake anarudi f8 kulinda. Na ngome yako imekwenda b1 kwa sababu unataka kusogeza b4, kisha a4, kisha b5. Hilo ndilo shambulizi la wachache.

Zoezi la wiki ya kwanza: panga askari wa Carlsbad, mfalme mmoja mmoja na ngome mbili mbili, basi. Cheza dhidi ya rafiki, halafu mgeuze upande. Utajifunza mengi kuliko kutazama video kumi.

#5 BintiNgome

Shikamoo Mzee. Swali la mtu mzito kuelewa: kwa nini nishambulie mahali ambapo mwenzangu ana askari wengi kuliko mimi? Wawili kwa watatu, si ni kwenda kujimaliza?

#6 MzeeWaD4

Marahaba binti. Swali hilo nililiuliza mwenyewe, na aliyenifundisha alicheka kwanza.

Ungekuwa unatafuta askari wa kwenda kuvuka hadi mwisho wa ubao, ungekuwa sahihi, kwa wawili dhidi ya watatu humpati. Hapa unachotafuta ni kidonda. Ukifika b5, tazama anachoweza kufanya:

Akikaa kimya, unakula c6, naye anakula kwa b7. Sasa askari wake wa c6 yuko peke yake kwenye safu iliyo wazi mbele ya ngome zako, hana jirani wa kumlinda, na hawezi kusonga c5 bila ruhusa yako.

Akila b5, askari wake wa d5 anabaki mpweke, na b7 naye anatazamwa.

Akikimbilia c5, unakula c5 na d5 anabaki mpweke vile vile.

Mlango wowote anaoupita, anatoka na kovu. Wewe umelipa kitu gani? Askari mmoja wa pembeni ambaye hakuwa na kazi nyingine.

Kuna mlango wa nne ambao wajanja wanautumia: wanasogeza b5 wao wenyewe kabla yako, kisha wanampeleka farasi c4 kuziba safu. Ukikutana na huyo, tulia. Askari wako wa b4 sasa anailinda c5, kwa hiyo farasi wako anasafiri d2, b3, c5 na kuweka kambi. Naye ana c6 iliyobaki nyuma milele.

Smyslov alimfanyia hivi Keres mwaka 1948, kwenye mashindano ya kumpata bingwa wa dunia baada ya Alekhine kufariki. Itafute mechi hiyo, ni fupi na inasomeka kama barua.

#7 MpigaMati

Mimi naona mnamfundisha kijana kuzeeka. Ubao una mfalme wa mpinzani, ninyi mnahangaika na askari wa c6! Nimeweka hiyo hali kwenye injini (programu ya kuchambua mechi), inasema nguvu ni karibu sawa kwa sawa. Sasa faida iko wapi?

#8 MzeeWaD4

Injini itamlinda c6 masaa sita bila kuchoka. Mpinzani wako ana dakika kumi na simu inaita.

Halafu usidharau usawa. Mwaka 1927 Capablanca na Alekhine walicheza mechi 34 kugombea ubingwa, na 32 kati ya hizo zilikuwa Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa. Wangekuwa na kitu bora wangekificha kwa nini?

#9 MpigaMati

Na 25 kati ya hizo 34 zilikuwa sare. Umesahau kulitaja hilo, Mzee 😂

#10 MzeeWaD4

Hahaha, umenikamata. Haya, njoo karibu zaidi: Singapore, Novemba 2024, mechi ya 3 ya kugombea ubingwa wa dunia. Gukesh ana weupe, yuko nyuma kwa mechi moja. Alicheza nini? Mkondo huu huu wa kubadilishana. Ding alitumia muda mwingi akitafuta njia hadi saa ikamwishia hatua ya 37, na ubao wenyewe ulikuwa umeshamwendea vibaya. Mwezi uliofuata Gukesh akawa bingwa wa dunia.

#11 ngoja_wajuzi

Wakuu nimejaribu jana usiku. Nimefungwa kabla ya kufika hatua ya 10, tena na mtu wa ngazi ya chini yangu.

5.Bg5 Nbd7. Nikaangalia: d5 analindwa na farasi wa f6, lakini huyo farasi nimemfunga kwa malkia, hawezi kutoka. Malkia mwenyewe njia ameizibiwa na farasi wa d7. Nikasema hiki ni cha bure, nikala 6.Nxd5.

#12 BintiNgome

Uwiii. Kaka, ulikula chambo. 6...Nxd5! anamtoa malkia wake kafara, wewe 7.Bxd8, yeye Bb4+ na huna pa kwenda ila Qd2. Anakula malkia wako kwa shaha, unakula askofu wake, anakula askofu wako pale d8. Hesabu ikiisha yeye ana farasi mzima, wewe una askari mmoja.

Huo mtego unaitwa wa Tembo. Hata mimi ulishanila, mara mbili, ila mara ya pili nilikuwa na homa. Jibu la 5...Nbd7 ni e3 tu, unaendelea na safari yako.

#13 ngoja_wajuzi

Narudi kambini.

#14 farasi_kiwete

Wakuu, asanteni sana. Nimeamua kwenda na njia ya Mzee. Kete32 nisamehe ndugu yangu, London nimeiweka akiba.

Wiki mbili sasa sichezi kingine. Zoezi la ngome nimelifanya na shemeji yangu mpaka akaanza kunikwepa. Jambo la kwanza nililoliona: nafika hatua ya 12 na najua la kufanya! Hiyo peke yake ni dawa.

Jambo la pili ni baya. Tazameni hii:

Tulifika 11.Rab1 kama Mzee alivyoandika. Akacheza 11...Ne4. Nikaona nisibadilishane, nikamrudisha askofu 12.Bf4, kwa sababu maaskofu wawili ni mali, si ndiyo? Akaja Ng6, nikakwepa Bg3, akala g3, nikala kwa askari wa h. Sawa. Nikaendelea na kazi yangu: b4, a4, b5, kama nilivyofundishwa. Yeye akamweka askofu d6, akamrudisha farasi f8, akapeleka ngome e6, kisha h6. Mimi nakula c6 nafurahi, kidonda hicho! Malkia wake d7, kisha g4, kisha h5. Mati h1.

c6 ilikuwa dhaifu kweli kweli. Nilikuwa naitazama wakati nakufa.

#15 MpigaMati

Mimi sikusema kitu. 😂😂

#16 Kete32

London inakusubiri, mlango haujafungwa.

#17 MzeeWaD4

Pole mkuu. Kosa hilo ni langu nusu, nilikupa kisu bila kukwambia kina makali pande mbili.

Sikiliza. Wewe una safu c, nilikwambia yeye ana safu e. Safu hiyo si pambo. Ngome yake inapita e8, e6, inageuka g6 au h6, na farasi wake anapenda e4 kama nzi anavyopenda kidonda. Wewe unashambulia askari, yeye anamshambulia mfalme. Mkifika pamoja, amekushinda.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumpunguzia wafanyakazi. Alipocheza 11...Ne4, jibu ni 12.Bxe7 papo hapo, malkia wake anakula e7, ndipo unasogeza b4. Kila kete inayotoka ubaoni ni mshambuliaji mmoja pungufu, na kidonda cha c6 kinaumia zaidi ubao unapokuwa mtupu. Hilo la maaskofu wawili kuwa mali ni kweli kwenye ubao uliofunguka. Hapa askofu wako wa g5 alizaliwa ili abadilishwe.

Akishikilia e4 kwa kusogeza f5, usitetemeke. Amemzibia njia yule askofu wake wa c8, na mraba wa e5 hautalindwa na askari wake tena. Farasi wako wa f3 aruke e5, kisha sogeza f3 umwambie farasi wake aondoke. Ila kabla ya f3 hakikisha e3 ina mlinzi, maana safu e ni yake, hawezi kusahau.

Na jambo ambalo hutalikuta kwenye video nyingi: kabla hujasogeza b5, hesabu kete zake zinazomtazama mfalme wako. Zikiwa mbili, endelea. Zikiwa tatu au zaidi, simama, rudisha farasi mmoja nyumbani (d2 kisha f1 ni mahali pazuri), b5 haitakimbia.

#18 BintiNgome

Niongeze na mimi. Baada ya kusoma uzi huu nimekuwa nikichimba, nikakuta mpangilio huo huo una mpango wa pili kabisa, na MpigaMati utaupenda.

Badala ya Nf3, farasi anakwenda e2. Unaweka mfalme O-O, kisha unasogeza f3, na taratibu unaandaa e4. Ukifanikiwa, una askari d4 na e4 wanatembea pamoja katikati, na kete zake zinarudi nyuma moja moja. Botvinnik alimfunga Keres hivyo mwaka 1952 kwenye ubingwa wa Umoja wa Kisovieti. Niliicheza mechi ile kwenye ubao wa mbao, nikirudia, mpaka nikaelewa kwamba Rab1 ya Botvinnik ilimfanya Keres atazame upande wa malkia huku tufani ikija kutoka katikati.

Ndipo nikaelewa kwa nini Mzee anasema tujifunze askari. Mipango miwili tofauti, mifupa ni ile ile.

(Maskini Keres, kila mfano mzuri ni yeye anayefungwa. Mtu mmoja aandike uzi wa mechi alizoshinda, zilikuwa nyingi na nzuri.)

#19 MpigaMati

f3 na e4 mngesema tangu mwanzo. Hiyo nakubali. Nairekodi.

#20 Kete32

Swali la haki, si la kejeli. Hii yote inategemea mpinzani acheze d5 na e6. Na asipocheza? Mimi na London yangu sina hofu hiyo.

#21 MzeeWaD4

Hapo umegusa ukweli, na sitauzunguka. London inaingia karibu kila mahali, huu unahitaji mpinzani akubali. Nitapita haraka:

2...c6 (Slavi): ukibadilishana d5 anakula kwa askari wa c, askari wanakuwa sawa pande zote, mechi kavu. Mimi huwa siharakishi, nacheza Nf3 na e3. Akiweka e6 juu ya c6, ndipo ninakula d5, naye akila kwa askari wa e tumerudi Carlsbad.

2...dxc4: sogeza e3, askari wako utamrudisha kwa Bxc4. Aking'ang'ania kwa b5, wewe a4. Akilinda kwa c6, kula b5, akila kwa c6 weka Qf3. Malkia anaitazama ngome ya a8 na hana jibu lisilompotezea kete.

1...Nf6 na 2...g6: hapa Carlsbad sahau. Cheza g3, Bg2, Nf3, mfalme pembeni, tulia.

3...Be7 badala ya Nf6: huyu amesoma. Anakunyima Bg5. Kula d5 hivyo hivyo, kisha askofu akae f4. Botvinnik na Petrosian walipigana sana humo mwaka 1963.

1...Nf6 2.c4 e6: usikimbilie Nc3 kama hutaki kukutana na Bb4. Tanguliza Nf3, akicheza d5 ndipo Nc3. Utakosa ule mpango wa farasi e2 alioutaja binti, lakini wa b4 na b5 upo pale pale.

#22 BintiNgome

Mzee, na kuna zawadi ambayo hukuitaja. Ukigeuza ubao, Carlsbad inakuja kwa weusi pia. Caro-Kann ya kubadilishana: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5. Sasa weupe ndio wenye c3 na safu e, na weusi ndio wanaoweza kusogeza b5 na b4. Niliposhika weusi nikakutana nayo nilijisikia nimeingia nyumbani kwa mlango wa nyuma.

#23 MzeeWaD4

Kweli kabisa. Ila kumbuka Fischer alimfunga Petrosian humo humo mwaka 1970 kule Belgrade, akiwa na weupe. Mwenye safu e naye ana haki zake. Muulize farasi_kiwete.

#24 farasi_kiwete

Naulizwa nikiwa bado na kovu.

#25 farasi_kiwete

Wakuu, miezi miwili imepita, nimerudi. Nilisema nitaleta mechi nikishinda ya maana. Kuna sare nyingi katikati hapo (MpigaMati kaa kimya), na nilifungwa mara kadhaa, lakini hakuna hata moja niliyofungwa kabla ya hatua ya 30. Kwangu hayo ni mapinduzi.

Hii ni ya juzi, mechi ndefu, saa nzima kwa kila mtu. Carlsbad safi. Alikuja Ne4, nikala e7 bila kufikiri mara mbili. Nikahesabu kete zake kabla ya b5: malkia na ngome moja. Nikaendelea. Tukabadilishana malkia, ngome mbili, farasi. Nikabaki hivi, tuko hatua ya 40 na kitu:

Mimi: Kg2, Rd6, Ne5, askari a4, d4, e3, f2, g4, h5.
Yeye: Kg8, Rc7, Be8, askari a7, c6, d5, f7, g7, h7.

Mwoneni huyo askofu wa e8. Ndiye yule yule wa c8 aliyenyimwa f5! Mechi nzima hakupata kazi, akaishia kuwa mlinzi wa c6. Mimi nina wawili wanaoishambulia c6, ngome na farasi, naye ana wawili wanaoilinda. Nilikaa pale hatua kama nane nikizunguka na mfalme, sioni mlango. Injini baadaye iliniambia nilikuwa na faida ndogo tu, kubwa sikuwa nayo.

Kisha nikasogeza h6. Akajibu g6, na nikaona kitu: mfalme wake hana tena g7. Nikaweka Rd8. Askofu wa e8 sasa amefungwa kwa mfalme, hawezi kuilinda c6. Alitakiwa kucheza Kf8 na angesimama. Lakini alikuwa amechoka, saa imebaki dakika nne, akasogeza a5.

Nxc6. Akila kwa ngome, Rxe8 ni mati. Hakula. Farasi akaichukua na a5 mbele ya safari, na hatua ya 61 akanyoosha mkono.

#26 MzeeWaD4

Safi. Zile hatua nane za kuzunguka na mfalme usizidharau, ndizo zilizokula zile dakika zake.

Neno moja tu: kabla ya h6, ungeweza kujaribu kwanza kumpeleka mfalme wako f4. Itazame usiku ukiwa umetulia, na uangalie kama f6 yake inakusumbua.

#27 Kete32

Hongera mkuu. Bado nasema London, lakini hilo zoezi la askari na ngome tupu nimeanza kulifanya na askari wa London. Kumbe sikuwahi kujua e4 naisogeza lini na kwa nini.

#28 MpigaMati

Nimecheza f3 na e4 mara sita. Nne nimeshinda. Mbili nilisogeza e4 kabla kete hazijajipanga, nikala aibu. Sijazeeka, ila mvi moja nimeiona.

#29 ngoja_wajuzi

Natoka kambini kwa taarifa fupi. Jana nilikuwa na weusi. 5.Bg5, nikacheza Nbd7, nikakaa kimya, nikajifanya nimesahau d5.

Akala.